Usukani Uliopigwa Msasa

Neno pole halinunuliwi. Mtu akijikwaa njiani humwambia pole hata kama hujui jina lake, naye hukuitikia asante kisha kila mmoja akaenda zake. Lakini wahenga waliotufunza ukarimu huo waliuwekea mpaka. Walisema mwiba wa kujichoma hauambiwi pole, wakimaanisha kwamba aliyejiletea balaa kwa mkono wake asingoje kubembelezwa. Fundi rangi mmoja aliujua mpaka huo alipokwisha kuuvuka.

Watu walimwita Msasa, kwa kuwa karatasi ya msasa haikumtoka mkononi. Alikuwa bingwa wa kazi yake, hilo hata mahasidi wake walikubali. Gari lililobonyea mlango kama sufuria ya zamani lilitoka kwake likiwa laini, na mwenye gari akajitazama humo na kurekebisha kola. Uani kwao, upande wa pili wa ukuta wa mabati, mdogo wake alichomelea vyuma. Katikati alikaa mama yao, ambaye mtoto wa jicho alikuwa amemfunika macho yote mawili. Mama huyo aliijua kazi ya kila mwanawe kwa masikio tu.

Marehemu baba yao aliwaachia pikapu kuukuu, na ndugu hao wakaapa kuifufua. Waliishusha chini, wakaikata paa, wakaitia injini kubwa iliyonguruma hadi vikombe vikatetemeka kabatini. Maonyesho ya magari ya kale yalikuwa yamekaribia, na Msasa alikitaka kikombe cha ushindi kama mwenye kiu anavyotaka maji. Zaidi ya hapo alikuwa amemwahidi mama yake kwamba siku ya ushindi angempakia katika gari alilopandia siku ya harusi yake.

Kizuizi kilikuwa usukani. Injini mpya ilikaa pale pale ulipopita mti wa usukani, yaani chuma kinachoteremka kutoka mikononi mwa dereva hadi kwenye magurudumu. Walizunguka kwa wauza vyuma chakavu hadi wakapata mti wa gari jingine, nao ukawa mfupi. Mdogo mtu akaukata, akaurefusha kwa kipande kingine, akavika bomba nene juu ya maungio, akachomelea kote kuzunguka na kupitisha bolti katikati. Pakabaki nundu nene ya weldi na kichwa cha bolti kilichochomoza.

"Lo! Umeniotesha jipu kwenye gari langu," Msasa alisema.

"Jipu hilo ndilo linalokushikia roho yako, kaka. Wewe paka rangi gari zima, hata mimi nipake ukitaka. Hapo usipaguse."

"Waamuzi watafungua boneti. Wakiona hiyo takataka?"

"Wakiona takataka watajua wenye gari watafika nyumbani salama."

Msasa alicheka, lakini moyo wake ulikuwa umekwisha kuhama. Siku ya kuamkia maonyesho, mdogo wake alipotoka kwenda kwa mteja, aliwasha grainda akaisaga ile nundu hadi ikawa sawa na bomba. Bolti nayo ilimkera jicho, akaichomoa. Kwa fundi rangi tundu ni kitu cha kujazwa puti tu, ule ujiuji wa kuzibia mabonde kabla ya rangi. Akalijaza puti, akapiga msasa, akapaka rangi nyekundu iliyoiva.

"Mwanangu, unasaga nini? Huo si mlio wako," mama aliuliza kutoka kitini pake.

"Natoa kutu kidogo, mama."

Uongo ule ulimtoka laini kama kazi yake. Mdogo wake aliporudi alikuta boneti imefungwa na gari limefunikwa turubai. Hakuwa na sababu ya kumshuku ndugu yake wa tumbo moja.

Kikombe walikipata. Mwamuzi mmoja aliinama ndani ya boneti akasema hajapata kuona maungio yasiyoonekana namna ile, na Msasa akavimba kichwa. Ndugu wawili wakaondoka kwenda kumchukua mama, kikombe kikiwa katikati yao. Walipofika kwenye kona ya ghala, Msasa alizungusha usukani, nao ukazunguka bila kupinga, ukaendelea kuzunguka, huku magurudumu yakienda yalikotaka. "Kaka, kata!" mdogo wake alipiga kelele akinyoosha mkono kumsaidia. Pikapu iliuvaa ukuta. Dashibodi ilijikunja ikaubana mkono ule.

Msasa alivunjika mguu. Mkono wa mdogo wake, mkono wa kazi, madaktari waliukata.

Wageni walifurika hospitalini. Kila aliyefika kitandani kwa Msasa alimpa pole, kisha akapunguza sauti: "Weldi ya mdogo wako imekumaliza." Wengine walisema wazi kwamba chuma kimemlipa fundi kwa kipimo chake. Msasa aliitikia asante. Aliona aibu, kweli aliona, lakini kila pole ilimpa mahali pengine pa kujificha. Wateja wa mdogo wake wakaanza kuulizana ni mageti gani aliyowachomelea.

Walipotoka hospitalini, mdogo mtu aliomba kile chuma cha usukani kilichovunjika kiletwe uani. Alikipokea kwa mkono uliobaki, akamwekea mama yake mapajani. Majirani walikuwapo. Kikongwe alikipapasa taratibu. Kidole chake kikapita palipo laini, kikatumbukia katika tundu ambalo puti yake ilikuwa imebomoka.

"Nundu iko wapi?" aliuliza. "Siku ulipochomelea ulinishikisha, nikaipapasa. Na bolti?"

Kikongwe akageuza uso kuelekea ilikogonga fimbo ambayo Msasa alikuwa akitembelea.

"Siku ile ulikuwa unatoa kutu, mwanangu?"

Msasa alimtazama ndugu yake. "Ulijua?"

"Nilikiona kile chuma ubavuni kwangu, kabla hawajanitoa garini. Nilikuwa nakusubiri useme mwenyewe, kaka."

Machozi yakambubujika Msasa. Alisema mguu unamuuma, alisema hakukusudia, alisema alitaka tu gari la baba lipendeze. Majirani walitazama chini. Mama akasimama akipapasa hewa, na Msasa akainua mikono yake miwili kumpokea.

"Pole, mwanangu," mama alisema. "Pole sana."

Akampita, akaenda kukishika kigutu cha mkono wa mdogo mtu. Mikono ya Msasa ilibaki hewani, na uani pote hapakutokea mtu wa kumwambia neno, kwa maana mwiba wa kujichoma hauambiwi pole.