Kitovu Ndani ya Kibuyu

Nianze nisianze?
Anza, tumekaa!
Niseme kweli au niwafurahishe?
Sema kweli!
Haya, msije mkanilaumu.

Hapo kale, msitu ukiwa bado na wenyewe, waliishi humo warina asali. Mtoto akizaliwa kwao, bibi yake hukizika kitovu chini ya mti, na mti ule huwa wa mtoto. Akiugua, anaegemezwa pale. Akirina asali, tone la kwanza anamwaga pale mizizini. Na mgeni haonyeshwi mti wa mtu, hata kwa kidole.

Palikuwa na kijana, Lelgo, na mama yake, Tabarno. Mke wa Lelgo alikuwa mjamzito.

Basi akaja mgeni. Tumwite Bwana Shoka, maana ndilo alilobeba. Akaja na chumvi. "Ndugu yangu Lelgo, nionyeshe miti yenye vitovu."

"Kwetu haionyeshwi."

Akaenda zake. Akaja na blanketi. "Nionyeshe."

"Haionyeshwi."

Akaenda zake. Akaja mikono mitupu, analia. Hapo ndipo penye ubaya, jamani. Mtu akija na machozi utamfanyaje?

"Mfalme anataka mbao," akasema. "Lakini ameapa, penye kitovu cha mtu hapaguswi. Nisipoijua miti yenu nitaikata bila kukusudia. Ifunge kamba tu, mimi nitaipita."

Lelgo akamwendea mama yake. "Mama, tuifunge."

"Mwanangu, mtu wa kupita tu haulizi hivyo."

"Na msitu ukiisha, mwanangu utamzikia wapi kitovu chake?"

Lelgo akachukua kamba za magome, akafunga mti wa huyu, mti wa yule, na wake mwenyewe. Mnamcheka? Mimi simcheki. Alikuwa baba.

Bwana Shoka akaanza na iliyofungwa. Ko, ko, ko, ukaanguka wa Lelgo. Ko, ko, ko, ukaanguka wa mkewe. Ko, ko, ko, ikaanguka yote. Kisha akaenda kwa mfalme. "Hawa wanasema msitu ni wao. Na wauonyeshe mti mmoja wenye kitovu."

Wakaonyesha visiki. Mfalme akasema, "Kisiki si mti. Hameni."

Wakahama. Mtoto akazaliwa njiani, wa kike. Tabarno akakichukua kitovu, akatafuta pa kukizika. Hapa shamba la mtu. Pale barabara. Kule ua wa miba. Akakitia ndani ya kibuyu cha asali, akakibeba.

Mtoto amekua sasa. Kila wanapotua mizigo anauliza, "Bibi, ni hapa?"

"Si hapa, mjukuu wangu."

Na Lelgo yuko karibu, anasikia. Anamtwisha mama yake kibuyu, wanaendelea.

Ngano yangu naitua hapa. Aliyeisikia na aibebe, mimi imenilemea.