Makofi ya Sultani Zahoro

Hapo zamani, katika mji mmoja wa pwani ambao watu wake walipenda ngoma kuliko futari, palikuwa na sultani jina lake Zahoro, aliyejaliwa kila kitu isipokuwa sauti. Akiimba, mawaziri hufumba macho na kutikisa vichwa, naye akadhani wamezama katika utamu, kumbe maskini wanavumilia tu.

Katika mji huo alikuwapo Mwana Heri binti Fakihi, mwimbaji wa harusi. Yeye akiimba watu hawajizuii, humwendea wakamtuza, huyu leso, huyu kipande cha halua. Na mila ya mji ilikuwa hii: waimbaji wakishindana, mmoja akiinuka kumtuza mwenziwe, basi amekiri kushindwa.

Sultani akashikwa na wivu. Ikawa siku moja mbiu ya mgambo ikalia: "Ijumaa, baada ya alasiri, Sultani atashindana na Mwana Heri. Atakayeshindwa hataimba tena katika mji huu. Na asiyempigia Sultani makofi aimbapo, atachapwa viboko!"

Mwana Heri akajifunika ukaya akalia, kwani kuimba ndiyo kazi aliyoijua na kuipenda. Jirani yake Shikeli akalia pia, tena kwa sauti kubwa zaidi. Huyu Shikeli alikuwa fukara asiye na chungu wala mafiga, akiishi kwa pilau za harusi, na harusi bila Mwana Heri nani angeikesha?

Kisha akapangusa kamasi, akasema, "Nyamaza, dada yangu. Nitapiga makofi mimi."

"Utampigia nani?"

"Sultani. Amri ni amri."

Mwana Heri akamsonya, akaingia ndani.

Ijumaa uwanja ukafurika. Sultani akakohoa, akafumbua kinywa. Neno la kwanza halijatoka sawasawa, Shikeli akaanza kupiga makofi kwa nguvu zake zote. Waliokuwa karibu wakaogopa viboko, nao wakapiga, na wa nyuma wakafuata, ikawa uwanja mzima ni makofi yasiyokoma. Midomo ya Sultani ilionekana ikicheza, lakini sauti haikusikika hata kidogo.

"Basi! Basi!" akapiga kelele Sultani. "Nani aliyeanza upuuzi huu?"

Shikeli akaletwa mbele.

"Ewe mwendawazimu, mbona wapiga makofi nami ndiyo kwanza naanza?"

"Maulana, mbiu ilisema tupige uimbapo, haikusema tungoje umalize. Nami mgongo wangu ni mwembamba, nikaona nisiujaribie viboko."

Sultani akahamaki. "Basi tangu sasa asipige makofi mtu yeyote! Atakayepiga atalala gerezani!"

"Yeyote awaye, maulana?"

"Yeyote awaye! Nataka nisikike!"

Akaimba, na kweli akasikika. Paka aliyelala chini ya kiti cha enzi akaondoka zake. Alipomaliza, kimya. Hasira zikampanda, kisha akakumbuka kuwa amri ni yake mwenyewe.

Ikawa zamu ya Mwana Heri. Akaimba wimbo wa mama anayemuaga bintiye anayekwenda kwa mume katika mji wa mbali. Sultani naye alikuwa na binti aliyeolewa mbali, na alikuwa amemkumbuka sana bila kumwambia mtu. Machozi yakamtoka. Wimbo ulipokwisha akainuka, akapiga makofi, peke yake katika uwanja ule mzima, akavua pete yake akamtuza Mwana Heri.

Watu wakashika vinywa. Shikeli akajongea, akainama kwa adabu.

"Maulana, samahani kwa swali la kijinga. Kule gerezani kuna mkeka, au tukuletee?"

Sultani akaitazama mikono yake, akakitazama kidole kisicho na pete. Mara Sultani akaangua kicheko, akacheka hata kilemba kikamlegea.

"Shikeli, umenifunga kwa kamba yangu mwenyewe! Utakula katika jumba langu maisha yako yote. Amri ya gereza nimeifuta. Lakini mila siifuti. Nimetuza, nimeshindwa. Tangu leo sitaimba tena katika mji huu."

Hapo, bila ya mbiu wala viboko, uwanja mzima ukalipuka kwa makofi. Mawaziri ndio waliopiga kwa nguvu zaidi, na Sultani Zahoro, ambaye hakuwa amepata kushangiliwa kwa moyo maishani mwake, akasimama akawapungia mkono, amefurahi kweli.