Nyongeza ya Bi Shufaa

Sogeeni, na aliyechoka akae, maana hadithi hii ni ya watu waliochoka, nayo haitaki makofi mwisho wake, inataka hukumu.

Likoni, ng'ambo ya kivuko cha Mombasa, aliishi Bi Shufaa na mumewe, Mzee Bwanaheri, pamoja na watoto wao watatu waliokwisha kuwa watu wazima. Kila mtoto alijaliwa kipawa chake. Mejumaa, binti yao wa kwanza, alijaliwa subira: aliweza kukaa na jambo lisilopendeza kama mtu akaavyo na mgeni, bila kulionyesha mlango. Swaleh, wa pili, alijaliwa ulimi: maneno yalimjia yakiwa yamekwisha kupangwa, na hata aliyemkasirikia alitamani kusikia la mwisho. Tima, wa tatu, alijaliwa watu: alipowaita walikuja, na walipokwisha kuja hawakukumbuka kwa nini walisita.

Lakini kipawa hakimpumzishi mwenye nacho. Figo za Mzee Bwanaheri zilikuwa zimekoma kufanya kazi, na kila baada ya siku chache ilimbidi avuke maji kwenda hospitali kusafishwa damu. Nyumba nzima iliizunguka safari hiyo. Mejumaa alimwosha na kumvisha, Swaleh alimbeba hadi garini, Tima alikaa naye hospitalini mpaka mashine imalize kazi. Bi Shufaa alimpikia bila chumvi, akamfulia, akamgeuza kitandani. Na hayo hakuna aliyeyahesabu, kwa kuwa yalifanywa na mama.

Gari walilokuwa nalo lilikuwa limepita mikono mingi kabla ya kuwafikia. Siku moja lilizimika kwenye mlango wa feri, nusu chomboni, nusu nchi kavu, Mzee Bwanaheri akiwa kiti cha nyuma, rangi imemtoka usoni. Honi zikalia mbele na nyuma.

"Sukumeni jeneza lenu tupite!" mtu akapaza sauti.

Feri ikachelewa, hospitali ikachelewa, na daktari akamweleza Bi Shufaa kwa sauti ya chini kwamba safari nyingine ya namna ile huenda mzee asiimalize. Bi Shufaa hakulia. Aliapa tu.

"Gari la mtu sinunui tena. Nataka jipya, lisilo na maradhi ya kurithi."

Akauza dhahabu zake, akauza na kiwanja alichoachiwa na babake. Hata hivyo, bei ya gari jipya katika duka la magari mtaani Shimanzi ilisimama juu ya vichwa vyao kama maji ya mafuriko. Hapo ndipo watoto wakajitosa, kila mmoja kwa kipawa chake.

Mejumaa alikwenda dukani, akaketi. Hakuuliza bei, aliuliza meli. Siku kwa siku, kwa swali moja la hapa na jingine la pale, akapata kujua kwamba magari ya umbo jipya yalikuwa njiani, na kwamba yatakapowasili, yale ya umbo linalokwisha hayana budi kuondoka uani kwa bei pungufu.

"Tungoje," akasema nyumbani.

"Tungoje na nini?" Swaleh akauliza. "Baba ana figo gani za kungojea?"

"Tungoje na mgongo wangu."

Na kweli ulikuwa mgongo wake. Muda wote wa kungoja, gari la zamani likiwa limekufa kabisa, alimpeleka babake kwa tuktuk na kwa miguu, akimkumbatia katikati ya umati wa feri asije akasukumwa, mpaka ikawa kijiko kikianguka sakafuni hawezi kuinama kukiokota. Meli ikaja. Bei ikashuka kutoka vichwani hadi vifuani. Pasipo Mejumaa, isingeshuka.

Swaleh alikuwa mchomeleaji wa vyuma, mtu wa kulipwa siku aliyofanya kazi. Aliiacha kazi kwa muda, akaenda duka jingine la magari upande wa pili wa mji, akasema nao mpaka wakampa bei iliyo chini ya ile ya Shimanzi. Akarudi Shimanzi na bei hiyo mdomoni. Muuzaji, kijana wa Kigiriama aitwaye Karisa, akamtazama kwa huruma.

"Ndugu yangu, hapa si soko la Kongowea. Gari si fungu la nyanya."

"Ingekuwa Kongowea, saa hizi niko nyumbani nakula. Wenzako wamenipa bei hii na chai juu yake. Wewe hata kiti umeninyima."

Karisa akacheka, akamletea kiti. Na muuzaji aliyekwisha kuleta kiti hana budi kusikiliza. Toka hapo Swaleh akawa mtu wa njiani, bei ya hawa akiipeleka kwa wale, ya wale akiirudisha kwa hawa. Huku aliitwa msumbufu, kule aliitwa mwombaji, na kote alitabasamu. Alipofika nyumbani alikula kimya, kwani ulimi wake ulikuwa umelala kabla yake. Tajiri wake akachoka kumngoja, akamwajiri mtu mwingine. Lakini Shimanzi wakalegea, na bei ikashuka kutoka vifuani hadi viunoni. Pasipo Swaleh, isingeshuka.

Tima alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Alisikia kwamba duka lina utaratibu wake: wanunuzi wanne wa chama kimoja cha akiba na mikopo wakija pamoja, kila mmoja hupunguziwa. Chama cha walimu alikuwa nacho. Wanunuzi ndio hakuwa nao. Akawaendea wenzake watatu waliokuwa wakililia gari kila mvua inyeshapo, na wote watatu wakaanza ghafla kuisifu mvua.

"Tima, mimi gari nalitaka, ila sina haraka," mmoja wao akamwambia. "Mwenye haraka ni wewe. Utanipa nini?"

Tima akampa alichokuwa nacho, na wenzake wawili akawapa kama yeye: kuwashikia zamu zao za Jumamosi na kuwasahihishia madaftari, muhula mzima. Alisahihisha insha zao pamoja na zake, hospitalini, ubavuni mwa mashine ya babake, mpaka akawa akisinzia anaota makosa ya watoto wa watu. Walimu wanne wakaenda Shimanzi pamoja. Bei ikashuka kutoka viunoni hadi miguuni. Pasipo Tima, isingeshuka.

Karisa alipopiga hesabu ya mwisho alitikisa kichwa. Mapunguzo yale matatu yalilingana kana kwamba yamekatwa kwa kisu kimoja.

"Mama," alimwambia Bi Shufaa, "ungeondoa lolote katika haya, gari lisingetoka."

Siku ya kulichukua walikwenda wote. Mzee Bwanaheri akalazwa kiti cha nyuma cha gari jipya, lililosimama mlangoni pa duka, akavuta pumzi, akasema harufu ya upya inamkumbusha viatu vya Idi. Bi Shufaa akakabidhi malipo, akapokea funguo; kisha, kama mtu afumbaye macho anapopiga chafya, akanyoosha kiganja mbele ya Karisa.

"Na nyongeza?"

Swaleh akajifunika uso. "Mama! Hili ni gari!"

"Basi? Tangu nianze kutumwa sokoni sijaondoka kwa muuzaji bila nyongeza. Nyanya moja, limau moja, hata jani la kotmiri. Mkono wa muuzaji ukifunga bila nyongeza, biashara haina moyo."

Karisa akacheka mpaka akaegemea meza. Halafu akaacha kucheka, akafungua mtoto wa meza.

"Kweli ipo, mama. Ningesahau, na leo ndiyo siku yake ya mwisho."

Nyongeza yenyewe ilikuwa mapumziko ya wiki moja katika hoteli iliyoko Watamu, kwa mtu mmoja: kitanda, chakula, bahari mbele ya dirisha. Jina la atakayekwenda lingeandikwa palepale, kabla duka halijafungwa. Hayauzwi, hayabadilishwi kwa fedha, hayaahirishwi.

Nyanya ya nyongeza hutupwa kikapuni, ikaliwa na wote bila kujua ilikuwa ipi. Bi Shufaa aliyazoea mambo ya kikapu. Hili hakujua alitupe wapi.

Watoto wakaanza kwa adabu, kama walivyolelewa.

"Mpe dada Mejumaa, mgongo umekwisha," akasema Swaleh.

"Mpe Swaleh, amepoteza kazi," akasema Mejumaa.

"Tugawane siku," akasema Tima. "Mbili mbili, na inayobaki tumwachie Karisa, naye kachoka nasi."

Karisa akatabasamu kwa masikitiko. "Jina moja, mwalimu. Akiingia yeye, hatoki akaingia mwingine."

Ndipo Mejumaa, ambaye maisha yake yote hakuwahi kuomba kitu, akasema huku akiangalia sakafu:

"Mimi bahari siitaki. Nataka kitanda ambacho hakuna atakayeniita kutoka chumba cha pili."

"Na mimi wadhani nataka nini, dada? Kamba wa kukaanga?" Swaleh akajibu, na mzaha wake ulikuwa na ncha. "Nataka mahali ambapo sina mtu wa kumbembeleza."

Tima akacheka, kisha kicheko kikamgeukia, akawa anajifuta macho mekundu. "Nyinyi mmechoka kwa ajili ya baba. Mimi nimechoka kwa ajili ya baba, na kwa ajili ya watoto wa watu pia."

"Haya," akasema Swaleh polepole. "Tumeanza kupimana."

Bi Shufaa aliyasikia maneno hayo yakimwingia kama baridi ya alfajiri. Nyumba yake ilikuwa imesimama juu ya migongo mitatu iliyolingana, na ililingana kwa sababu hakuna aliyewahi kuipima. Gari lingemfikisha mumewe hospitalini. Lakini kumwosha, kumbeba na kukaa naye bado kungetaka watu, wiki kwa wiki, mpaka siku ambayo hakuna aliyeitaja kwa jina. Mmoja akienda kulala Watamu, wawili watamwinua baba yao wakiwa na wiki hiyo mioyoni. Na akiirudisha nyongeza, wote watatu watajua kwamba pumziko lilifika mlangoni, likafukuzwa na mama yao kwa woga. Kila mmoja alikuwa amekwisha kuutaja uchovu wake kwa sauti, na lililosikika halikuweza tena kutosikika.

Aliwatazama mmoja mmoja, akitafuta aliyezidi. Aliyengoja? Wangekimbilia bei ya juu pasipo yeye. Aliyesema? Kungoja peke yake kungewaacha njiani. Aliyekusanya? Na maneno peke yake yangewaacha njiani vilevile. Kila alipomwekea mmoja kidole, wa pili alimsimamia mbele ya macho.

Kioo cha gari kikateremshwa. Mzee Bwanaheri, waliyedhani amelala, akasema kwa sauti iliyobaki:

"Mpeni mama yenu. Nyongeza ameiomba yeye."

Watoto wote watatu wakageuka kumtazama mama yao, kama watu walioonyeshwa chumba wasichokijua ndani ya nyumba waliyozaliwa.

Bi Shufaa akafungua kinywa aseme lile ambalo mama husema: kwamba yeye hajachoka, kwamba ni zamu ya vijana. Lakini badala ya maneno hayo akaona shuka nyeupe alizotandika mtu mwingine, na asubuhi ambayo haimuulizi nani amekula na nani bado. Akaitaka wiki ile kwa uchu uliomtia haya. Hakungoja meli, hakubishana na mtu, hakumkusanya mwalimu hata mmoja. Alichotoa ni dhahabu na kiwanja, na kile kiganja kilichonyooshwa kwa mazoea ya sokoni. Tena nyongeza, kwa alivyoijua yeye, ni ya kikapu. Si ya aliyeiomba.

"Mama yangu," akasema Karisa kwa upole, akimsogezea kalamu, "askari anangoja kufunga lango."

Bi Shufaa akaishika kalamu. Mzee Bwanaheri alikuwa amepandisha kioo. Mejumaa alijishika kiuno, Swaleh alitazama funguo, Tima alifumba macho akiwa amesimama. Na wote watatu, kwa mapenzi na kwa hofu, walikuwa wakisikiliza mkwaruzo wa herufi ya kwanza.

Hapo ndipo nilipowaleta, enyi mnaosikiliza, nami siwavushi zaidi. Yuko aliyengoja, yuko aliyesema, yuko aliyekusanya. Na yuko mmoja aliyeomba bila kukusudia, akatamani bila ruhusa. Nafasi ya jina ni moja tu, na kalamu haijagusa karatasi. Je, wewe ungeandika jina la nani? Na hao utakaowaacha nje ya jina hilo, kesho asubuhi, mzee atakapohitaji kuinuliwa, utawatazama usoni uwaambie nini?