Nyigu Mgeni Mlangoni kwa Bi Mwanakheri

Si zamani sana, mjini kwetu, kiangazi kilikausha hata maua ya bustani ya manispaa. Nyuki wadogo wasiouma, waliokaa katika ufa wa ukuta wa soko, walibaki na mwarobaini mmoja tu wa kuchumia. Mama wa kundi lote alikuwa Bi Mwanakheri, mpole, mwenye adabu hadi inachosha. Mimi ninayesimulia ni mjusi wa ukuta uleule. Kipaji changu ni kimoja: natikisa kichwa kukubali kila ninaloambiwa, hata nisilolisikia.

Ndipo akaja Nyigu, kajificha ndani ya kreti ya matunda kutoka ng'ambo. Alikuwa mnene, mlafi na mwenye maneno matamu.

"Ndugu Mjusi, hawa majirani zako ni watu wa heshima?"

Nikatikisa kichwa.

"Mgeni akipiga hodi, wanatoka kumpokea?"

Nikatikisa tena. Naona haya kusema, lakini ndivyo nilivyowauza majirani zangu, wala sikupewa hata mbu mmoja.

Asubuhi Nyigu akatua mlangoni. "Hodi wenyewe!"

"Karibu!" Nyuki mmoja akatoka kumlaki, kama ilivyo desturi yao. Nyigu akamkamata, akamtafuna, akapiga hodi tena. Kufikia adhuhuri thelathini walikuwa wameliwa. Bi Mwanakheri aliwalilia wasiorudi, lakini kila hodi iliposikika alimtuma mwingine.

"Nyumba hii haijapata kumwacha mgeni nje," alisema.

Nyigu aliposhiba na kwenda kulala, nilikimbia kumwita Sungura, mjanja wa soko zima, aliyekuwa chini ya meza ya kabichi. Akaja hadi ukutani.

"Shikamoo, Bi Mwanakheri."

"Marahaba, mwanangu."

"Hodi ni lazima iitikiwe?"

"Lazima!"

"Na kutoka nje, ni lazima?"

Bibi akafikiri. "Hayo ni mazoea yetu tu."

"Basi itikieni mkiwa ndani, apite mwenyewe. Ule utomvu mnaozibia nyufa bado mnao?"

"Tele, mwanangu."

Kesho yake Nyigu akarudi. "Hodi!"

"Karibu, pita ndani!"

Alingoja, hakutoka mtu. Akanigeukia. "Humo ndani kuna usalama?"

Shingo yangu hainisikilizi. Nikatikisa kichwa.

Nyigu akajisukuma, tumbo likakwama katikati ya ufa. Nyuki wakamvamia, wakampaka utomvu mbawa, miguu na mdomo.

"Jamani, mimi ni mgeni wenu!"

"Ndiyo maana tumekukaribisha," alisema Bi Mwanakheri. "Sasa kaa."

Kufikia jioni alikuwa amekauka kabisa, na nyuki wakatoboa mlango mwingine pembeni yake.

Nilianza kujisifu sokoni kwamba kichwa changu ndicho kilichomwingiza Nyigu mtegoni. Sungura akacheka mpaka akaangusha kabichi. "Wewe? Hata angekuuliza kama wewe ni mamba, ungekubali."

Kweli tupu. Wala wale thelathini hawakurudi. Nyuki walikuwa gizani, wasingeweza kumjua anayebisha. Mimi nilikuwa nje juani, nikimtazama usoni. Aliye nje akiona hatari ndiye anayepaswa kusema, na "hapana" yangu moja, siku ile ya kwanza, ingetosha.