Lango la Mbazi

Sogeeni. Hadithi hii hakuna aijuaye kunishinda. Mwenye kubisha akalale!

Mbazi alikuwa mgawaji wa maji ya mfereji kijijini. Akimtanguliza mwenye mgonjwa, wenye zamu humtukana, hata akachoka. Akaliendea zimwi: "Babu, nipe lango la mfereji linaloamua lenyewe, nisilaumiwe tena."

Zimwi likacheka, likampa. "Ila maji ya zamu ya mtu, akipewa mwingine, yatageuka vumbi."

Kiangazi kikaja kikali. Nakijwa, mjane jirani yake, akamjia: "Kaka Mbazi, maharage yanakauka."

"Si mimi, dada. Lango ndilo linaloamua."

Akarudi: "Mbuzi wanakufa."

"Si mimi, dada."

Akarudi tena, mtoto mgongoni anawaka homa. "Kaka, kikombe kimoja tu!"

Hapo Mbazi akamchotea ya zamu yake mwenyewe, yakawa vumbi kikombeni. Akalivuta lango kwa mikono miwili, akalipiga shoka, akalipigia magoti. Lango likasema, "Zamu yake kesho."

Kesho yake maji yakaja, yakamkuta Nakijwa anatoka kuzika. Mbazi akainamisha kichwa, akangoja matusi.

"Nikutukane kwa lipi, kaka?" akasema Nakijwa. "Wewe hukuwepo."

Basi, imekwisha. Ya kuchekesha kamwombeni mwingine.