Nafasi Tupu Kwenye Nguzo

Kulikuwa na nesi mmoja aliyesimamia zahanati nyuma ya mlima, mahali ambapo simu haishiki. Mama mjamzito akizidiwa, nesi alilazimika kumwacha na kukimbilia kileleni kuita gari la wagonjwa. Njia nzima aliwaza atamkuta katika hali gani.

Siku moja halmashauri ikaruhusu kisanduku cha mtandao kifungwe kwenye nguzo ya umeme iliyo mbele ya zahanati. Akaja fundi, sura ngeni kwa wengi pale, akaegesha ngazi na kupanda. Nesi akasimama chini pamoja na wanakijiji, simu mkononi. Kisanduku kikafungwa, simu haikushika. Fundi akakiinua kwa mkono kuelekea kwenye nyaya, kupima tu. Simu ikaita! Vigelegele vikapigwa.

Kisha wakamwona anakishusha.

"We fundi, umelogwa?" mmoja akapaza sauti. "Si kiache hapo hapo!"

"Hapa juu sheria ya halmashauri imekataza. Chini ya nyaya lazima pabaki nafasi tupu."

"Kaka yangu," nesi akasema, "hiyo nafasi ni ya nani? Mimi naona hewa."

"Ya fundi wa umeme. Siku nyaya zikikatika atapanda hapa. Akikosa pa kupitisha mabega, ataunguzwa."

"Yuko wapi huyo fundi?"

"Simjui."

"Humjui! Mimi hawa kina mama nawajua mmoja mmoja. Ingekuwa mkeo ndiye analetwa hapa, ungekishusha?"

Fundi akataja jina la binti mmoja wa kijiji hicho, aliyeolewa mbali na kurudi kwa mama yake kujifungua mtoto wa kwanza, kama desturi yao ilivyo.

"Ndiye mke wangu," akasema. "Na huyo nisiyemjua, naye ana mke."

Mnadhani nesi alimjibu nini? Alienda akaishika ngazi kwa mikono miwili.

"Shuka taratibu, shemeji."

Fundi akapeleka ombi la nguzo ndefu zaidi. Nesi akaita wanakijiji, wakapangiana zamu za kukaa kileleni na simu mpaka nguzo ifike, na ishara ya kuita gari ikawa bati kugongwa zahanati. Na yule binti hakuisubiri nguzo. Uchungu ulipomzidi, bati likagongwa pale zahanati, aliyekuwa zamu akasikia, akaita gari. Safari hii nesi hakubanduka kitandani pa mgonjwa. Mama akapona, na mtoto akapona.

Ndugu zangu, wangapi kati yetu tungekishusha kile kisanduku? Sisi tukisoma sheria huuliza inatunyima nini. Ni nani aliyewahi kuuliza inamlinda nani? Tunapenda utaratibu kwa jirani, na tukibanwa wenyewe tunatafuta anayejuana na mkubwa. Yule fundi alibanwa mahali panapouma kuliko pote, akakumbuka kwamba na mwenzake ana mahali panapouma.

Tumeagizwa kumpenda jirani. Basi tujue kwamba jirani mwingine hatutamwona kamwe. Atapita pale tulipomwachia nafasi, atamaliza kazi yake, atarudi kula na watoto wake. Hatatushukuru, kwa sababu hatajua kwamba siku ile alikuwa afe.