Waliomfundisha Mama Mkwe Udereva

Hapo zamani, si ile ya fisi kuoa, ni hii ya juzi tu ambayo walioiona bado wanaibishania, katika mji mmoja wa milimani kule kusini kunakolimwa kahawa, palikuwa na shule ya udereva yenye gari moja, mwalimu mmoja na choo kimoja. Mwalimu ndiye aliyekuwa mwenye shule, Mzee Otmari Hyera. Miguu ilikuwa imeanza kumvimba, na mkewe alikuwa amechoka kuamshwa na kelele za usingizini: "Klachi! Klachi, wewe!" Basi Mzee Otmari akatangaza kwamba anatafuta mtu wa kumrithi, na kwamba atamnoa mwenyewe mpaka afaulu mtihani wa ualimu wa udereva.

Wakaja wengi, wakabaki watatu.

Wa kwanza Ditram Komba, aliyewahi kufundisha shule ya msingi, mtu wa kupiga pasi hata shati la kulalia. Wa pili Kastory Ndunguru, dereva wa basi la mbali, ambaye hakuwahi kuogopa kona yoyote, na kona kadhaa zilikuwa zimemwonyesha kwa nini angepaswa. Wa tatu, na huyu ndiye tutakayekaa naye karibu, alikuwa Osmunda Kapinga, Mama Editha, mwanamke aliyekuwa akiendesha lori la kahawa.

Osmunda alikuwa amechoka kulala kwenye kiti cha lori. Siku moja alirudi safari, akabisha hodi kwake, na Editha, bintiye mdogo, akafungua mlango, akamtazama, akageuka kuita ndani: "Bibi! Kuna shangazi mmoja amekuja." Osmunda akarudi kwenye lori, akalia, akapenga kamasi, akaamua kwamba kazi ile basi.

Kuendesha alijua. Kufundisha ndiko kulikomshinda. Mwanafunzi wa kwanza aliyepewa ajifunzie kwake alikuwa karani mmoja mpole. Osmunda akamuuliza, "Wewe, hiyo ni gia au mwiko wa ugali?" Karani akashuka palepale, akaenda kwao kwa miguu, na hakuonekana tena. Halafu mikono ya Osmunda haikutulia. Mwanafunzi akiyumba kidogo tu, yeye ameshaunyakua usukani.

"Mama Editha," Mzee Otmari akamwambia, "mwalimu analiona shimo kabla ya mwanafunzi, analisema mapema, kisha anakalia mikono yake."

"Na mwanafunzi akiliingia?"

"Mnaingia wote."

Sasa Mzee Otmari alikuwa na mama mkwe, Mama Eufrasia, muuza ulanzi, ile pombe ya mianzi. Mama Eufrasia alikuwa na pikapu yake ya kupelekea ulanzi sokoni, lakini madereva aliowaajiri walikuwa wakimnywea mzigo njiani. Wa mwisho alifika na madumu matupu, akiimba nyimbo za Krismasi mwezi wa saba. Mama akasema, yatosha, ataendesha mwenyewe. Mkwewe akajaribu kumfundisha. Lakini mama mkwe utamfokeaje? Kila Mzee Otmari alipotaka kusema "Breki!" alijikuta akisema, "Mama, samahani, kama hutajali," na ukuta ukawa umeshafika.

Kwa hiyo akawaita wale watatu. "Mfundisheni huyu kwa zamu. Siku mtahini wa ualimu akija, atapanda gari na mama huyu. Akifaulu huyu, nitajua nina mwalimu kati yenu."

Ditram akaanza. Akachora barabara za mji mzima kwa chaki kwenye sakafu ya darasa, akampa Mama Eufrasia mfuniko wa sufuria awe usukani, akamtembeza humo asubuhi hadi jioni. Hii ni nini? Alama ya kona. Hii? Alama ya watoto. Ukiiona unafanyaje? Mama akazijua alama zote, akawa anamkemea hata padre akiegesha vibaya kanisani. Lakini alipoketi ndani ya gari la kweli, mguu uligoma.

"Hili linanguruma, mwanangu," akasema. "Mfuniko haukunguruma."

Kastory akapokea zamu. Akampeleka uwanja wa mpira, akamwelekeza kwenye goli. "Bibi, ligonge."

"Nini?"

"Ligonge lile goli."

Mama akafumba jicho moja, akaligonga. Goli likalala chali.

"Umekufa?"

"Sijafa."

"Ulikuwa unaogopa nini sasa?"

Kuanzia siku ile Mama Eufrasia hakuogopa kitu. Kuku wa mtaa ule walianza kulala juu ya mapaa.

Ndipo ikaja zamu ya Osmunda, na kazi yake ilikuwa kumtuliza aliyeamshwa. Akampeleka kwenye ule mteremko mrefu kutoka misheni hadi sokoni.

"Bibi, mbona unashuka kama unayefukuzwa na polisi?"

"Walishanifukuza, na nilishuka vizuri tu."

Osmunda akataka kufoka, akacheka. Hakuna mwanafunzi aliyewahi kumjibu. Wakatukanana kirafiki kupanda na kushuka, na katikati ya matusi Osmunda akamfundisha yale ambayo lori lilimfundisha: kwenye mteremko rudisha gia ndogo, iachie injini ilizuie gari, breki uziombe msaada tu. Mikono yake mwenyewe akaifunga kwa kanga. Mwishowe wakashuka mteremko wote bila Osmunda kutamka neno, vidole vimemfa ganzi ndani ya kanga.

"Leo umenuna?" Mama Eufrasia akauliza.

"Sijanuna, bibi. Nafundisha."

Mtahini akaja kutoka mkoani, Bwana Mlowe, mtu mnene aliyehema hata akiwa amekaa. Akaketi kushoto, Mama Eufrasia usukanini, wale watatu wakabanana nyuma. "Atakayefungua mdomo huko nyuma ameshafeli," akasema. Wakaondoka.

Mama aliendesha kama bibi harusi, taratibu, shingo juu, mpaka walipoanza kuushuka mteremko wa misheni. Akakanyaga breki. Pedali ikazama mpaka chini, gari likaendelea na safari zake. Bwana Mlowe akakanyaga ile pedali ya upande wa mwalimu; nayo ikazama. Akavuta breki ya mkono. Ilikuwa pambo, Mzee Otmari alikuwa akitundikia kofia. Bwana Mlowe akageuka nyuma, macho yamemtoka.

"Semeni kitu!"

Ditram alikuwa amefumba macho anataja alama za barabarani moja baada ya nyingine kama litania. Kastory alisema kitu, alisema "Kwaherini," akafungua mlango, akarukia mtaroni. Osmunda mikono ilimtoka, ikafika karibu na bega la Mama Eufrasia. Aliuona usukani. Alijua angeweza kuushika. Kisha akairudisha mikono, akaikalia, asiseme neno.

Mama Eufrasia akapiga gia ndogo, gari likapiga kelele na kupunguza mwendo. Akapiga nyingine. Mbele barabara iligawanyika. Kushoto palikuwa tambarare, pangelisimamisha gari vizuri. Lakini palikuwa na kibao. "Watoto!" Mama akasema, akakata kulia, kwenye uwanja wa kinu cha kahawa, kwenye lundo la maganda lililofikia paa. Akalitazama.

"Nitaligonga," akasema, kama anayeagiza chai.

Akaligonga. Lundo likawafunika.

Walipofukuliwa walikuwa rangi moja wote, wazima wote. Bwana Mlowe alitema maganda, akaomba maji, akampa Mama Eufrasia mkono kwa heshima: amefaulu. Mzee Otmari akafika anakimbia na miguu yake iliyovimba, na nyuma yake soko zima.

"Nani aliyemfundisha huyu?" mtahini akauliza. "Leo natia sahihi cheti kimoja cha ualimu."

"Mimi," akasema Ditram. "Bila mimi angekata kushoto, na sasa mngekuwa mnaokota watoto wa watu. Kufumba macho nilifumba, lakini niliyoyafundisha yaliona."

"Mimi," akasema Kastory, akichechemea, kiatu kimoja hana. "Lundo lile nani angeliingia kwa hiari yake? Mimi ndiye niliyemtoa woga. Nimeruka, ndiyo. Nilimwamini mwanafunzi wangu atafika bila mimi."

Watu wakacheka mpaka wakashikana.

"Na wewe, Mama Editha?" akauliza Mzee Otmari.

"Gia ni mimi," akasema Osmunda. "Na nilinyamaza."

"Hilo ndilo linalonisumbua," akasema Bwana Mlowe. "Nilikuruhusu kusema. Breki zimekufa, tunakufa, nawe kimya! Ulikuwa unafundisha, au uliogopa kama mimi?"

Tangu lundoni Osmunda alikuwa akijiuliza swali hilohilo. Angeunyakua usukani, Mama angebabaika, pengine wangepinduka. Au pengine wangesimama mapema, bila kula maganda. Mikono ile aliikalia kwa akili, au kwa hofu? Hakujua, na hakutaka kudanganya.

"Sijui," akasema. "Najua tu nilitaka kuushika, na sikuushika."

Mama Eufrasia akajikung'uta kanga. "Mnagombea mahari ya binti asiye wenu. Walimu watatu walikuwemo garini: mmoja kipofu, mmoja mtoro, mmoja bubu. Aliyechagua alama ipi, gia ipi na lundo lipi ni mimi. Hicho cheti nipeni mimi. Ulanzi nitauza jioni."

Soko likagawanyika. Waliokuwa na watoto shuleni walimtaka Ditram, vijana walimtaka Kastory, wanawake wengi walimtaka Osmunda, na walevi wote, bila aibu, walimtaka Mama Eufrasia. Bwana Mlowe amesimama na kalamu mkononi mpaka wino umeanza kuchuruzika, akasema hatatia sahihi mpaka aambiwe jina.

Haya, ninyi mliokaa mkinisikiliza, msinitazame mimi, mimi sikuwemo garini. Kalamu ile ingekuwa yenu, mngeandika jina la nani?